Viza ya mke kwenda Uingereza: uzoefu wangu kutoka Lamu

Naandika kwa ajili ya dada zangu wa Amu, yaani Lamu, walioolewa na waume wanaoishi Uingereza. Mimi niliomba Juni 2024, nikapata, na huduma hii ninaipa nyota tatu kati ya tano. Fomu ya mtandaoni inaeleweka na inahifadhi ulipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika huanzi upya. Nyota mbili nimezipunguza kwa sababu ya bei na safari.

Ada ya ombi ilikuwa pauni 1,846. Juu yake kuna ada ya matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa viza ya miezi 33 tulilipa 3,105, na zote hulipwa mwanzo. Ukikataliwa, ya matibabu hurudishwa, ya ombi imekwenda. Na mume anatakiwa kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya Aprili 2024 ilikuwa 18,600, nasi tuliikosa kwa wiki chache, kwa kuwa jina la baba yangu kwenye cheti cha ndoa liliandikwa tofauti na kwenye kitambulisho changu, ikabidi lirekebishwe. Kagueni majina siku ile ile mnapopewa cheti, herufi kwa herufi.

Safari ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, treni mpaka Nairobi. Huko nilipigwa picha ya kifua (eksirei) ya kupima kifua kikuu, nikafanya mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, kuzungumza na kusikiliza tu, na nikachukuliwa alama za vidole. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi 6, basi msikimbilie kupima kabla karatasi nyingine hazijakamilika.

Lililoninyima usingizi ni ushahidi. Cheti peke yake hakitoshi, wanataka kuona kwamba ndoa ni ya kweli, na kila mtu aliniambia nipeleke picha za harusi. Nanyi mwazijua harusi zetu. Nikahi ilisomwa msikiti wa Riyadha: kwenye picha yuko mume wangu na joho lake, baba amemshika mkono, masheikh wamewazunguka, na bibi harusi hayumo. Nilikuwa nyumbani na shangazi zangu. Picha za kupambwa zipo, nina hina na vikuba vya asumini, lakini zile ni za wanawake na siwezi kumpa mwanamume nisiyemjua azitazame.

Wakala mmoja niliyekuwa nimemlipa anisaidie akasema nivae gauni jeupe, nisimame na mume wangu ufukweni, tupigwe picha tuziite za harusi. Nililia kwa hasira. Ndoa yangu ni halali mbele ya Mungu na mbele ya kadhi, kwa nini niivishe uongo? Nikachukua karatasi zangu nikaondoka, pesa sikurudishiwa.

Usiku ule nikaandika barua mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, ni nani na kwa nini mkono wa baba ndio unaoshikwa. Nilieleza kwamba kwetu bibi harusi haendi msikitini, na kwamba picha za kupambwa sikuzituma kwa sababu ya stara. Chini ya picha ya nikahi niliandika kila mtu ni nani kwetu. Nikaongeza moja ya siku ya pili yake, mimi na buibui langu, mume wangu, na mama zetu wawili barazani.

Jumbe zetu za simu nazo zilitakiwa zitafsiriwe, kwani maandishi yasiyo ya Kiingereza au Kiwelisi hayapokelewi bila tafsiri. Mtafsiri wa Nairobi hakujua Kiamu. Mume wangu aliponiandikia "ndoo", yaani njoo, yeye akatafsiri chombo cha kutekea maji, mara tatu katika ukurasa mmoja. Niliketi naye kwa simu mstari kwa mstari, na nashukuru alikubali kusahihisha bila malipo. Msitume tafsiri kabla hamjaisoma.

Jibu lilikuja Novemba. Hakuna aliyeniita kwa mahojiano wala kuniomba picha nyingine.

Nakala ya barua ile nimemwachia mama, mtaa wa Langoni. Dada yeyote wa Amu anayejaza fomu mwaka huu na ende akamuombe, aisome, kisha aandike yake kwa maneno yake.