"Si zinapiga pande zote mbili?" Hedifoni nilizouziwa Kariakoo

Majuzi nilinunua hedifoni Kariakoo, zile kubwa za kufunika masikio, zenye waya. Nianze na haki yao: kwa muziki wa kawaida hazina neno. Besi ipo, na masikio hayaumi hata ukikaa nazo muda mrefu. Ingekuwa taarabu tu, ningezipa nyota nne.

Lakini mimi nilizitaka kwa midundo ya bainorali. Nafanya kazi zamu za usiku, mchana nautafuta usingizi mtaa mzima ukiwa macho. Sikio la kushoto linapewa sauti ya Hz 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), la kulia Hz 210, na ubongo wenyewe ndio unaotengeneza mdundo wa Hz 10. Iwapo mdundo huo unamlaza kila mtu, watafiti bado wanabishana, ila mimi unanituliza. Ila kushoto na kulia visipotenganishwa, hakuna bainorali hapo.

Hizi hazitenganishi! Nilipovaa nikasikia sauti inatetema mno, kama bajaji iliyowashwa imesimama. Nikatoa upande mmoja. Kwa kawaida mdundo unakufa palepale, inabaki sauti moja iliyonyooka. Huu ukaendelea vilevile. Nikaweka video ya kupimia, neno "kushoto" likasikika masikio yote mawili. Nikakagua mipangilio ya simu, mono, ile inayochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja, imezimwa. Nikachomeka iyafoni zilizokuja na simu yangu ya zamani: kushoto kushoto, kulia kulia.

Nikarudi dukani na risiti ya EFD. Kijana hakuinua hata uso. Akachomeka, akaweka singeli, akanivisha kichwani bila kuniomba. "Dada, si zinapiga pande zote mbili? Sasa ubovu uko wapi?" Nikamweleza kwamba zinapiga, lakini sauti ni ileile moja. Akanionyesha kwa kidole karatasi ya ukutani, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, akamgeukia mteja mwingine. Na boksi limeandikwa "stereo", yaani kila sikio na sauti yake, kwa herufi kubwa! Mdundo huu wa bainorali mwanafizikia Heinrich Wilhelm Dove aliuonyesha kule Ujerumani tangu karne ya 19, leo anayeuza hedifoni kutwa nzima hataki hata kusikiliza.

Inawezekana mbovu ni hii yangu tu, nyingine ni nzima. Basi si angenibadilishia? Zile nyota nne nazifuta, sitoi hata moja.

Wewe unayetafuta za bainorali, usibabaishwe na bei wala mbwembwe za kuzuia kelele. Za waya sawa, za blutuzi za masikio mawili sawa, mradi ni stereo kweli. Ile ya sikio moja achana nayo. Nenda na faili lako kwenye simu, vaa, toa upande mmoja kabla hujatoa hela. Wakikukatalia kujaribu, ondoka.

Mimi pale narudi tena wiki hii na risiti yangu, na safari hii namtaka mwenye duka mwenyewe.