Jezi za Timu Kenya nilizoagiza Nairobi: kwa picha sawa, kwa jasho la Amu hapana

Nimekaa na hizi jezi mwezi mzima ndo naandika, manake siku ya kwanza ningeandika matusi. Zishavaliwa, zishafuliwa, zishaingia baharini, na moja ishatafunwa na punda. Kwa hivo nikisema kitu nasema nimeona kwa macho.

Ilianza hivi. Hapa Langoni, kisiwani Amu (Lamu), tuna kikundi cha watoto wa kukimbia na kuogelea, hakina hata jina, twakutana Jumamosi na Jumapili asubuhi kabla jua halijaanza ubaya wake. Basi watoto wakawa kila siku ni Glasgow, Glasgow, nani ataenda nani ataachwa, manake Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka huu 2026 yaanza tarehe 23 Julai mpaka 2 Agosti na wao washajipangia timu yao kichwani. Mmoja alinuna siku mbili nzima aliposikia ragbi ya saba kwa saba haimo, awamu hii wamepunguza ikabaki michezo 10 tu. Nikasema haya, wenzao wako kwa mazoezi makali wanagombania nafasi, na mimi wacha niwavishe hawa rangi za timu wajione wako kambini. Hapo ndo nilipojitia kitanzi.

Duka lenyewe silitaji, ni la Nairobi, la mtandaoni, lina wafuasi wengi. Picha zao wallahi ni nzuri, kijana mrefu amesimama kwenye ukungu huko juu, jezi imemkaa kama kashonewa yeye. Nikauliza, hizi ni kama wanazovaa wanariadha wenyewe ama za mashabiki? Jibu likaja hata sijaweka simu chini: "Orijino bosi wangu, gredi ya kwanza, kitambaa ni kile kile." Moja 1,350. Nikachukua 8, za watoto 6 na za wakubwa 2, jumla 10,800, nikatuma kwa Mpesa. Kabla ya kutuma pesa huyu mtu alikuwa ananijibu kwa sekunde, baada ya kutuma nikawa naona tiki mbili za buluu na kimya.

Kufikishiwa mzigo nako ni hadithi yake. Waliandika wanafikisha nchi nzima mpaka mlangoni, kumbe nchi nzima yao yaishia Mokowe, huko bara ng'ambo ya maji. Siku ya 9 napigiwa simu, "Bosi mzigo umefika, toka hapo barabarani mtu wa pikipiki akuone." Barabara gani ndugu yangu? Nikamwambia mimi niko kisiwani, mlangoni kwangu kwapita punda na watu, na punda akipita wewe wajibana ukutani. Akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Kwani hakuna daraja?" Ikabidi nivuke mwenyewe, nauli ya boti kwenda na kurudi, asubuhi yangu yote imekwenda, na parseli nikaikuta ofisi ya basi imewekwa chini ya gunia la vitunguu. Nilizivaa na harufu ile wiki nzima, ila hilo siwezi kuwalaumu duka.

Sasa jezi zenyewe. Kwa macho ni safi, sitadanganya. Nyekundu yake imekolea, nyeusi ni nyeusi kweli, ngao na mikuki kifuani imekaa katikati sio pembeni kama zile za kichochoroni, na mshono wa shingo wamepiga mara mbili. Watoto walipozivaa siku ya kwanza mtaa mzima ulitoka nje. Kuna binti wa miaka 10 hapo hapo akasema yeye ni Beatrice Chebet, kwa nini, kwa sababu Chebet Paris 2024 alichukua dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya 10,000, na wengine wote ni moja moja. Rafikiye akakasirika akamwambia basi mimi ni Faith Kipyegon, mara tatu mfululizo mita 1,500, wewe utafika lini? Wavulana wote wakataka kuwa Wanyonyi, yule wa dhahabu ya mita 800 Paris, ikabidi tuwe na Wanyonyi wanne. Hakuna aliyetaka kuwa Kibiwot mpaka nilipowaambia Kibiwot ndo aliyechukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji kule Birmingham 2022, kisha wakaanza kuruka kamba za mashua na nyavu za watu, nikajuta.

Haya, twende kwa kitambaa, manake hapo ndo palipo na kesi. Ni polista nzito, haina vitundu vya kupitisha hewa hata kwapani. Huenda huko Iten, milimani kwa wakimbiaji, asubuhi na baridi ile ikawa ndo yenyewe, Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, lakini sisi huku ndo usawa wenyewe wa bahari! Saa mbili asubuhi hapa hewa ni kama umefunikwa na kitambaa cha maji moto. Tulifanya mbio za kupokezana, raundi ya pili tu mmoja kaivua kaitupa mchangani, "Ami, yaunguza." Nikavaa yangu nikakimbia nao, nikagundua mtoto hasemi uongo, jasho halitoki halikauki, latulia tu ndani kama mchuzi kwenye sufuria.

Baharini ndo ikawa balaa zaidi. Najua mtaniambia jezi ya riadha sio ya kuogelea, najua, lakini mtoto wa Amu hamuwezi kumwambia asiruke gatini kwa sababu kavaa nguo mpya. Wakaruka nazo. Zikanyonya maji mpaka zikafika magotini, mmoja kapanda ngazi ameishikilia kwa mikono miwili kama mtu abebae ndoo. Na hapa nitoke nje ya mada kidogo: hawa watoto waogelea tangu hawajajua kusoma, wapambana na mkondo wa maji kila siku ya Mungu, na kuogelea kumo Glasgow. Mkenya alishawahi kuchukua dhahabu huko kwenye Madola, Jason Dunford, Delhi 2010, mita 50 mtindo wa kipepeo. Nilipowaambia walidhani natunga. Lakini bwawa la mita 50 la kufanyia mazoezi sijaliona kisiwani, kwa hivo wataendelea kuruka gatini na jezi za shabiki. Narudi kwa mada.

Kufua. Tulizifua kwa maji ya kisima ambayo kila mtu wa hapa ajua yana chumvi chumvi, kwa mkono, sabuni ya kipande, tukaanika kivulini. Mara ya kwanza nyekundu ikachuja ikaingia kwenye mistari myeupe, ikawa waridi. Mara ya pili maandishi ya mgongoni, ambayo kumbe ni plastiki ya kubandikwa kwa moto sio ya kudarizi, yakaanza kubanduka, na sijui kwa nini yalianza na N. Kwenye jezi tatu N ikadondoka yote. Watoto wakapita barazani kwa wazee, mzee mmoja akavaa miwani akasoma pole pole, "KE... YA." Akacheka mpaka kikombe cha kahawa kikamwagika, akasema hawa sio timu ya taifa, hawa ni askari wa Keya, lile jeshi la mkoloni la King's African Rifles, mwingereza karudi! Sasa jina limewaganda, kikundi ambacho hakikuwa na jina sasa chaitwa Keya mtaa mzima.

Nikawatumia duka picha. Siku ya 3 wakajibu, "Bosi hio ni maji yenu." Maji yetu! Nikamuuliza pesa zangu hata za hizo tatu tu, tiki mbili za buluu.

Ile ya punda nawasamehe, tuliianika ukutani chini mno, ni kosa letu. Ingawa punda mwenyewe alitafuna mkono mmoja akatema.

Kilichookoa mambo ni fundi wa cherehani hapa hapa mtaani. Alikata herufi N kwenye kanzu kuukuu, akazishona mgongoni moja moja, shilingi 50 kila jezi, na akatoboa vitundu vya hewa kwapani akavizungushia uzi. Herufi zake zishafuliwa mara 5 hazijatikisika. K na E na Y na A za duka zaendelea kung'oka, kwa hivo sasa kwenye jezi moja kilichobaki imara mgongoni ni N ya kanzu peke yake. Ningejua ningenunua fulana nyekundu za pamba pale sokoni nikampa yeye kazi yote, na pesa ingebaki ya kuwanunulia watoto miwani ya kuogelea.

Nyota nawapa 2 kwa 5. Moja ya rangi siku ya kwanza, moja ya mshono wa shingo. Kama uko bara kwenye baridi na wataka ya kukaa nayo mbele ya tivi Julai, nunua tu. Kama uko Amu, Malindi, popote pa joto na maji ya chumvi, au ni ya mtoto atakayekimbia nayo kweli, pita mbali. Na saizi zao ni ndogo kuliko walivyoandika, hizo mbili za wakubwa ni moja tu iliyonitosha, na ilinitosha kwa kuvuta pumzi ndani. Ile nyingine iko kabatini haijavaliwa, N yake bado ipo. Mwenye kijana mwembamba wa miaka 13 au 14 aje jioni baada ya alasiri achukue, bure.