Kutaja jina au kufunga mlango mzima?
Barazani Malindi, kikombe cha kahawa chungu mkononi, tulibishana: dawa mpya za kulevya za maabara zizuiwe vipi?

Sheria ya Kenya ya 1994 hutaja dawa kwa majina kwenye majedwali. Mshtakiwa anajua kosa lake. Ila mkemia akigeuza atomu chache tu, anapata kitu kisicho na jina, na serikali inabaki kufukuzia nyuma.

Uingereza, 2016, walipiga marufuku karibu kila kitu chenye kuathiri akili, kisha ikabidi wasamehe pombe, tumbaku na (muuza kahawa alicheka mpaka dele likatikisika) kafeini.

Mimi nachagua orodha, lakini itaje familia nzima za kemikali, yaani zote zenye umbo la msingi linalofanana. Sheria pana mno humwachia askari aamue mwenyewe.