Taa za sola zenye sensa kwa vichochoro vya Mji Mkongwe: ya kununua na ya kuiacha

Mwizi wa kunyakua simu hutegemea vitu viwili: giza na kona. Kona za Kiponda, Mkunazini na Sokomuhogo zipo tangu enzi na zitabaki. Giza linaondosheka, na taa ya sola yenye sensa, yaani kihisi kinachoiwasha mtu akipita, ni njia nafuu ya kuliondosha. Haigusi Tukuza, umeme wako wa kulipia kabla, wala haizimiki umeme ukikatika. Unguja inapata umeme kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, haijasahaulika. Lakini si kila taa ya sola inafaa njia yenye upana wa mita mbili.

Iliyozoeleka ni ya kipande kimoja: paneli juu, taa chini, betri ndani. Kwa ukuta wa ua ulio wazi, Mbweni au Kiembesamaki, ni nzuri na haina usumbufu. Kichochoroni ni hasara tupu. Kati ya kuta mbili ndefu jua linapita kwa muda mfupi tu, na pengine halifiki kwenye paneli hata kidogo. Betri haijai, taa inawaka vizuri baada ya magharibi, kisha inafifia usiku unapokuwa mkubwa na njia imepoa, saa ambazo inahitajika zaidi. Mnunuzi anadhani kauziwa mbovu, anarudi dukani, anapewa nyingine ya aina ile ile.

Ya kununua ni yenye paneli ya mbali, iliyoungwa na taa kwa waya. Paneli inakaa juu ya paa, taa inabaki njiani. Unguja ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli ilazwe karibu bapa, iinamishwe kidogo kuelekea kaskazini. Nyuzi 10 zinatosha mvua ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru. Isiwekwe karibu na taa nyingine: taa hizi hutumia paneli kujua kama usiku umeingia, na paneli ikimulikwa, taa itadhani bado mchana na haitawaka.

Kasoro yake kubwa ni waya. Unaokuja ndani ya boksi ni wa mita 3 hadi 5, na nyumba ya ghorofa mbili au tatu inataka mita 15. Fundi mwenye haraka ataunga waya mwembamba wa spika. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Paneli ya wati 2 inatoa volti 5 na ampia 0.4, kwenye mita 15 za waya wa milimita mraba 0.3, kwenda na kurudi, inapotea karibu volti 0.7. Inayofika ni volti 4.3, na betri ya lithiamu inahitaji 4.2 ili ijae, kwa hiyo kinachobaki cha kusukuma chaji ni kidogo mno. Tumia waya wa 1.5, upotevu unashuka hadi volti 0.14 hivi. Maungio yafungwe vizuri, yasiachwe wazi kwenye chumvi.

Taa hizi kwa kawaida zina namna tatu za kuwaka. Ile ya kuwaka moja kwa moja usiku kucha iacheni, betri ndogo haiwezi. Inayofaa ni ya mwanga hafifu unaopanda mtu akipita. Hesabu yake ni hii: betri moja ya 2000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri) ina wati-saa 7.4. Mwanga hafifu wa wati 0.3 kwa saa 12 unakula 3.6. Kila mpita njia anawasha wati 5 kwa sekunde 20, na wapita njia mia moja wanakula kama 2.8. Inabaki akiba kidogo. Masika, mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, akiba hiyo haipo. Badilisha iwe ya kuzima kabisa na kuwaka mtu anapotokea, mpaka jua lirudi.

Sensa inaona joto linalohama, na inamwona mapema anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia usoni. Basi taa ifungwe kwenye ukuta wa pembeni, itazame ukuta wa pili. Ukiifunga mwisho wa njia ikitazama kichochoro kwa urefu, itawaka mtu akishafika karibu. Paka wa mjini wataiwasha. Inua kidogo uso wa sensa, wengi watapita chini yake. Kimo kizuri ni mita 2.5 hadi 3: chini ya hapo taa yenyewe huibiwa. Mwanga uelekezwe chini, usimpige mtu machoni, maana anayepofushwa haoni aliye nyuma ya taa. Ukiwa na taa moja tu, elewaneni na jirani muiweke konani kabla ya kufikiria mlango wako.

Kuta za mawe na chokaa hazishiki plagi fupi, zile za plastiki za kushikia skrubu. Toboa taratibu bila kugonga, tumia plagi ndefu, na skrubu za boksini zitupe: kwa upepo wa chumvi wa Shangani au Malindi zitaota kutu na kuchuruza ukutani. Weka za stainless, yaani za chuma kisichoota kutu. Alama ya IP65 inahusu vumbi na maji ya kurushwa, haisemi lolote juu ya chumvi. Paka grisi kidogo kwenye springi za betri. Mlango wa nakshi usitobolewe kamwe. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na mabadiliko ya sura ya nje ya jengo yanapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, basi uliza kabla ya kupitisha waya ukutani.

Dukani, funika paneli kwa kiganja: taa lazima iwake. Usidanganyike na “100W” iliyoandikwa kwenye boksi dogo. Paneli ya ukubwa wa daftari haiwezi kulisha wati 100. Omba kifuniko kifunguliwe. Betri ya 18650, ile ya lithiamu ya mviringo, haivuki sana 3500 mAh, kwa hiyo iliyoandikwa 9900 ni ya uongo. Ile ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Ikiwa nyepesi mkononi, rudisha. Ukipata yenye betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma, ya volti 3.2, ongeza pesa uichukue, inadumu mara kadhaa zaidi. Na kabla ya kuifunga, ianike juani kutwa nzima.