Silikoni au kioo: kufunga kihisi cha presha ndani ya mwili
Kihisi kilichopandikizwa hakitolewi kila mara kurekebishwa, kwa hiyo kifungashio chake ndicho roho yake. Silikoni, aina ya mpira wa kutengenezwa, ni laini, nafuu, na hupitisha presha vizuri. Lakini mvuke wa maji huipenya: ikivimba hata kidogo huukandamiza utando wa kihisi (sehemu nyembamba inayohisi presha), na vipimo huanza kuhama taratibu, bila daktari kujua. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Kioo cha silika huzuia unyevu. Kihisi cha CardioMEMS, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kupima presha kwenye ateri ya mapafu, kimefungwa hivyo, bila betri (nje kimepakwa silikoni pia). Kutengeneza kifungashio cha kioo ni kazi ngumu. Kwa mgonjwa wa moyo wa miaka mingi, nachagua kioo. Kwa siku chache wodini, silikoni yatosha.