Miezi minne na Vital: sinthi ya bure iliyonitoa kwenye kuwinda priseti

Wadau wa biti, nimekaa na Vital miezi minne sasa, karibu kila siku, nikaona niandike kabla sijasahau nilivyokuwa nafanya kazi zamani. Maana zamani ilikuwa hivi: nafungua projekti mpya, naita plagini (programu ndogo ya sauti inayokaa ndani ya programu ya muziki), afu naanza kubonyeza mshale wa priseti, zile sauti zilizopikwa tayari, inayofuata, inayofuata, inayofuata, saa nzima inakatika, sikio limechoka na biti haina hata kiki, lile pigo la ngoma kubwa. Na ile priseti niliyoipata mwishoni nikaipenda kabisa, wiki moja baadae naisikia kwenye biti ya mtu mwingine, noti tofauti lakini sauti ileile, hata mwangwi wake uleule. Iliniuma sana. Nikaenda kununua pakiti ya priseti kwa muuzaji mmoja mtandaoni, imeandikwa zipo mia mbili, nikifungua nakuta nusu yake ni sauti moja imebadilishwa filta kidogo na jina. Hapo ndo nikasema basi, najifunza kupika mwenyewe.

Vital ni sintesaiza (sinthi) ya programu, yaani chombo cha kuunda sauti, unaipakia ndani ya FL Studio au Ableton Live au Reaper, popote unapotengenezea. Aliyeiunda ni Matt Tytel, yuleyule aliyetoa sinthi ya Helm kabla ya hapo, na hii ilitoka Novemba 2020. Kuna toleo la bure na matoleo ya kulipia, na kitu ambacho wengi hawajakielewa ni kwamba injini ni moja kote. Anayelipa anaongezewa priseti na wevutebo, ila oskileta (zinazozalisha wimbi), filta (zinazokata masafa), LFO (nitaieleza chini), efekti, vyote vipo kwenye la bure. La bure linakuja na priseti 75 hivi na mi ndo ninalotumia, na nawaambia ukweli huo uchache umenisaidia, niliziskiliza zote jioni moja zikaisha, ikabidi niingie jikoni.

Sa kwa ambaye neno wevutebo linamchanganya. Sinthi za kizamani zilikuwa zinakupa umbo moja la wimbi, msumeno au mraba au pembetatu, unalichukua hilo unalikata na filta mpaka linakaa unavyotaka. Wevutebo ni kama daftari, kila ukurasa una wimbi lake fupi, sampuli 2048 tu, na ukifunua kurasa huku noti bado inalia sauti inabadilika sura, inaweza kuanza kama filimbi ikaishia kama mtu anakoroma. Wazo lenyewe ni la zamani, Mjerumani Wolfgang Palm alikuwa analifanyia kazi kwenye mashine za PPG tangu miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba leo daftari unaliandika mwenyewe.

Kilichoniteka kwa Vital ni kwamba kila kitu unakiona. Una oskileta 3 na kisehemu cha sampuli pembeni, filta 2, envelopu 6 (zinazopanga kila noti ipande na kushuka vipi), LFO 8, na juu ya hapo kuna vyanzo 4 vya mwendo wa bahati nasibu. LFO ni kitu kinachokuzungushia nobu wakati wewe mikono iko kwenye kibodi, kwa mwendo ule unaouchora wewe. Unaishika kwa mausi, unaiburuta, unaidondosha juu ya nobu yoyote, na palepale unaona alama inacheza kuzunguka nobu, inaenda mpaka hapa inarudi mpaka pale. Mi kusoma maelezo ya modulesheni, hiyo ya kitu kimoja kuzungusha kingine, nilisoma sana huko nyuma na hayakuingia. Kuona wimbi linajikunja kwenye skrini wakati naliskia likijikunja masikioni, ndani ya siku mbili nilielewa kitu ambacho miaka kilikuwa kinanipita.

Ngoja niwape sauti moja niliyoitengeneza mwanzo mwisho, maana ndo njia pekee ya kueleza hii kitu.

Niligonga glasi kwa kijiko, nikarekodi na simu, sekunde mbili tu, na kelele za feni zimo. Nikaliburuta lile faili mpaka kwenye oskileta ya kwanza. Vital inakuuliza uliingize vipi, kama wevutebo ya kawaida, kama vokoda, au kwa kukata vipande kufuata pichi (kimo cha sauti), nikachagua vokoda kwa sababu inabakisha ile tabia ya mlio hata ukipiga noti zingine. Tayari hapo sio glasi tena, ni kitu cha ajabu kati ya kengele na sauti ya mtu. Afu kuna menyu moja ndogo chini ya oskileta ambayo watu wanaipita, ile ya kupinda spektra, ndani yake kuna namna ya kuzivuta harmoniki (zile sauti ndogondogo zinazounda mlio) zikae mbali na zilipozaliwa, na nikisogeza nobu yake kidogo tu mlio unakuwa kama chuma, nikisogeza sana unakuwa mbaya, haufai. Uzuri ulikuwa robo ya mwanzo. Pale ndo nikaweka LFO.

Na hapa skilizeni vizuri, maana hiki ndo kimebadilisha biti zangu kuliko kitu kingine chochote. LFO ukiiacha ilivyo inaanza upya kila unapobonyeza noti, kwa hiyo kila noti inafanya kitu kilekile na baada ya baa mbili (baa ni kipimo cha mapigo manne) sikio limeshaizoea, limelala. Ukiibadilisha iwe inafuata wimbo badala ya noti, afu ukaipa urefu usiolingana na lupu yako, kile kipande kinachojirudia, kila noti inaikuta sauti iko sehemu nyingine. Lupu yangu ilikuwa baa 4. LFO nikaiweka 2/1 yenye nukta, yaani baa 2 ukiongeza nusu yake, jumla baa 3. Hesabu yake ni kwamba hivi viwili havikutani tena mwanzo mpaka zipite baa 12, kwa hiyo melodi ni ileile baa 4, noti hazijaguswa, lakini rangi inabadilika mara tatu kabla ya kujirudia. Msanii aliyekuja kuskiliza aliniuliza kama nimepiga ile melodi laivu. Sikupiga laivu, niliandika noti sita tu.

Baada ya hapo nikachukua chanzo kimoja cha bahati nasibu nikakipeleka kwenye pichi, kidogo mno, senti chache (vipande vidogo vya noti), mpaka ukizima ndo unagundua kilikuwepo. Envelopu fupi kwenye filta, ipige ifunge. Distoshoni (kuchafua sauti) kidogo kabla ya riva (mwangwi).

Na kazi haijaisha hapo, maana sauti nzuri ndani ya sinthi bado ni sauti ya sinthi. Nikairenda iwe odio, yaani faili la sauti la kawaida, nikaishusha oktavi moja, nikageuza vipande viwili vicheze kinyumenyume, nikakata mkia. Hicho ndo kilichoingia kwenye biti. Hicho hakuna mtu atakutana nacho kwenye pakiti, hata mi mwenyewe nikiambiwa nikirudie kilevile sidhani kama kitafanana.

Kuna mchezo mwingine Vital inao, unaandika neno kwenye kisanduku na yenyewe inalitamka na kuligeuza wevutebo. Watu wengi wanaicheza mara moja wanacheka wanaacha. Msiache. Andika neno lenye irabu nyingi, afu usiache LFO ilisome neno zima kama roboti, isimamishe sehemu moja katikati ya irabu, tembea kurasa chache tu mbele na nyuma, ukipiga noti za chini unapata besi inayofungua na kufunga mdomo. Pamoja na 808 (ile besi nzito ya ngoma za mashine ya Roland) inakaa vizuri sana, ila kata masafa ya chini ya hiyo besi ya mdomo ili isigombane na 808 yenyewe, la sivyo miksi inakuwa uji.

Madhaifu yapo na nitayasema. La kwanza ni mzigo kwa kompyuta. Unisoni (kurudufisha wimbi lilelile ili sauti iwe nene) inafika sauti 16 kwa kila oskileta, sasa piga hesabu, oskileta 3 mara 16 mara kodi ya noti 4, hayo ni mawimbi 192 yanalia kwa pamoja kabla hujaweka hata efekti moja. Laptopu yangu ikifika hapo inaanza kukata sauti. Dawa yake mi nashusha unisoni mpaka 4 au 5, naongeza ule upana wa sauti kwa efekti ya korasi, na nikishakubali sauti naigeuza odio haraka. Pia kwenye mipangilio kuna ubora wa ovasampulingi (kompyuta kukokotoa sauti kwa usahihi zaidi), shusha wakati unatunga, pandisha wakati wa kurenda.

La pili ni kwamba ni safi mno. Kila kitu kinatoka kinang'aa, na biti nyingi haziitaji kung'aa, zinaitaji vumbi. Ukisikia mtu anasema sinthi za wevutebo zote zinafanana anachosema ni hicho kimng'ao cha juu. Kwa hiyo chafua. Weka kelele ya chumba chako kwenye kile kisehemu cha sampuli, iwe chini kabisa, ifuate envelopu ya noti. Kata juu kuanzia kilohezi 8 hivi. Mi siku hizi kukata juu ndo kitu cha kwanza nafanya.

Na je ni lazima Vital? Hapana. Dexed pia ni ya bure na ni ulimwengu mwingine kabisa, inafuata sinthi ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983, opereta 6 (mawimbi yanayosukumana), algorithimu 32 (ramani za nani anamsukuma nani), na inasoma yale mafaili ya kadi za DX7 ambayo kila moja lina sauti 32. FM, hiyo njia ya wimbi moja kulitikisa lingine, inatisha kwa sura, namba namba tu, hakuna nobu ya kupendeza, ila ujanja mmoja unatosha kuanzia: chukua priseti yoyote ya kawaida, usiguse kitu kingine, badilisha algorithimu tu, pitia zote 32 taratibu. Opereta ni zilezile ila nani anamsukuma nani imebadilika, piano inageuka ngoma, kengele inageuka besi. Nyingi zitakuwa takataka, mbili tatu zitakusimamisha. Ujanja wa pili, chukua uwiano wa opereta moja uutoe kwenye namba nzima, kutoka 1 uende 1.41, mlio unaacha kuwa wa kamba unakuwa wa chuma, kwa sababu zile harmoniki hazikai tena kwenye ngazi yake.

Na kabla mtu hajadharau plagini za bure au zile zinazokuja na programu, ile log drum ya amapiano, besi inayogonga kama ngoma, sauti iliyobeba muziki mzima wa Afrika Kusini mpaka dunia ikageuka, imetoka kwenye Fruity DX10, plagini ndogo ya FM iliyokuwemo ndani ya FL Studio na kila mtu alikuwa anaipita. Ilikuwa pale miaka yote. Aliyeishusha chini akaipiga kama besi ndo aliyeiona, na mi kila nikifikiria hilo narudi kufungua plagini ambazo nilishaziona mbaya.

Sinthi nyingine, Surge XT, nitaisema kwa kifupi kwa sababu bado naichimba. Bure, msimbo wake uko wazi tangu 2018, aina 12 za oskileta, na priseti zinaenda maelfu, jambo ambalo kwangu ni mtego maana najijua nikiona orodha narudi kulekule kwenye mshale. Ila ina kitu ambacho kwenye Vital sijazoea kukitumia, inakubali kubadilishiwa skeli nzima, noti zikae sehemu ambazo piano haina. Ukipakia skeli ya hivyo na ukapiga melodi yako ileile ya kila siku, vidole vinaenda palepale palipozoeleka na masikio yanasikia kitu kigeni. Sura yake sio nzuri kama ya Vital na mwanzoni utapotea, kwa anayeanza kabisa nisingemwambia aanzie huko.

Anayeanza aanzie Vital, na afungue priseti tupu, ile ya mwanzo kabisa yenye wimbi moja la msumeno. Mtu akiniuliza nyota nampa nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya mzigo wa kompyuta.

Kitu kimoja ambacho natamani ningeanza kukifanya mapema ni kuhifadhi. Sauti ikishakaa naziunganisha zile nobu tatu nne muhimu kwenye makro (nobu moja inayozungusha nyingine kwa pamoja), maana Vital inakupa makro 4, naipa jina la kitu kilichotokea siku hiyo, naisevu hata kama haijaingia kwenye biti yoyote. Ile glasi na kijiko imeshazaa watoto sita mpaka sasa, juzi nimeishusha oktavi mbili na kuifungia filta karibu yote, ikawa mlio mzito wa chini unaotetemeka kama mlango wa bati upepo ukipita, ndo uko kwenye biti ninayoimiksi usiku huu.