Kupimwa usonji ukiwa mtu mzima hapa Kampala: uzoefu wangu

Mahali pa kwanza nilipokwenda, dada wa mapokezi alitazama nyuma yangu, akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikamwambia hakuna mtoto, anayetaka kuonwa ni mimi. Nina miaka 34. Akaingia ndani, akarudi na jibu kwamba wao huona watoto tu, nijaribu kwa daktari wa akili. Huyo naye alizungumza nami kama dakika kumi, akasema mwenye usonji (autism, hali ya tangu utotoni inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine) hawezi kuwa na digrii na kazi ya uhasibu kama mimi, akaniandikia dawa za wasiwasi. Sehemu hizo mbili sizitaji jina. Naandika kwa ajili ya sehemu ya tatu, kwa sababu huko nilisikilizwa, na kwa sababu nilipokuwa natafuta sikupata mtu mzima hata mmoja wa huku kwetu aliyeeleza kwa Kiswahili mambo haya yanavyokwenda.

Ni ofisi ndogo ya mwanasaikolojia, ambaye hapa namwita Daktari, ghorofani, mbali na barabara kuu. Niliomba miadi kwa ujumbe, maana kupiga simu kunanichosha kuliko kazi ya kutwa nzima, nao wakanijibu kwa ujumbe. Hilo peke yake lilinipa moyo. Vikao vilikuwa vinne, kila kimoja shilingi 120,000, na ripoti shilingi 100,000 juu yake. Jumla 580,000. Ni pesa nyingi. Nilizitoa kwenye kikundi chetu cha akiba baada ya kungoja zamu yangu miezi mitano.

Usitegemee kutolewa damu wala kupigwa picha ya kichwa, usonji hauonekani humo. Kazi yote ni mazungumzo, madodoso, kukutazama unavyojibu, na kuuliza sana habari za utotoni, kwa sababu usonji hauanzi ukubwani. Dodoso la kwanza lilikuwa lile la maswali 50 lililotungwa Cambridge, Uingereza, na kutolewa mwaka 2001. Swali moja linauliza kama huwa unaziona namba za magari. Mimi nimekulia Busia, mpakani. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nakaa kando ya foleni ya malori nikinakili namba kwenye daftari la hesabu, za K za Kenya ukurasa mmoja, za U za Uganda ukurasa wa pili, na lori likirudi baada ya wiki nilikuwa nalijua. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilipolisoma swali lile nilinyamaza muda mrefu, na Daktari akaniacha ninyamaze.

Swali jingine linauliza kama ungependa zaidi kwenda kwenye maigizo kuliko makumbusho. Hapo nilikwama, maana sijawahi kupata nafasi ya kuchagua kati ya hayo mawili. Daktari alinieleza kwamba dodoso lile linaonyesha tu kama inafaa kuendelea kuchunguza. Hata mtu akifika alama 32 kati ya 50, ambazo ndizo mpaka wake, bado hajathibitishwa kitu. Mimi nilipata 38.

Nilianza kumwamini kwenye suala la macho. Orodha zilizotungwa Ulaya na Marekani zinahesabu kutomtazama mtu machoni kuwa dalili. Kwetu mtoto wa kike akimkazia macho mkubwa anaonywa. Mimi nimelelewa kusalimu nikiwa nimepiga magoti, macho chini. Kwa hiyo Daktari hakuniuliza habari za wakubwa. Aliuliza, na marafiki zako je? Na watoto wadogo? Na mwanamume uliyempenda? Nikamweleza kwamba huwa natazama katikati ya nyusi, nahesabu hadi tatu, kisha naondoa macho, na kwamba nilijifunza hivyo kidato cha pili kwa kumwangalia msichana aliyependwa na darasa zima. Aliandika sana siku ile. Akasema wanawake wengi huchelewa kutambuliwa kwa sababu ya juhudi kama hizo.

Kikao cha tatu kilikuwa cha mama. Alitoka Busia alfajiri, na njia nzima alikuwa na hofu kwamba ninapelekwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kwa sababu kijijini jina hilo likitajwa watu husikia wazimu tu. Daktari akampokea, "Karibu Mama, pole na safari," akamketisha, akamwacha anywe chai kwanza. Kisha akauliza: alianza kusema lini, alicheza na nani, alikataa chakula gani. Mama akasema maharage yakigusa matoke nilikuwa siyali, hata nikilala njaa. Akasimulia matanga ya bibi: ngoma zilipoanza nikaziba masikio na kupiga kelele, shangazi akanichapa mbele ya watu, na yeye mama akanyamaza. Hapo akalia. "Binti yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu?" Daktari akamjibu, "Hapana Mama. Usonji hauletwi na malezi." Alimwambia mara mbili, polepole, kwa Kiswahili. Kwa kikao kile kimoja ningelipa zile pesa zote tena.

Kasoro zipo. Madodoso yote ni ya Kiingereza. Daktari alimtafsiria mama kwa mdomo, na maswali mengine ilibidi ayarudie kwa njia tatu ndipo yaeleweke. Ripoti nayo ni ya Kiingereza, na ilichelewa wiki moja zaidi ya walivyoniahidi. Kikao cha pili jenereta ya jirani ilinguruma hadi nikashindwa kujibu. Tuliahirisha, na hawakunitoza.

Ripoti inasema nina usonji, kiwango cha kwanza kati ya vitatu, yaani kinachohitaji msaada mdogo kuliko vingine. Niliuliza kuhusu Asperger, jina nililokuwa nimelisoma sana, nikaambiwa tangu mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa 2013 hilo limeunganishwa na usonji. Dawa ya usonji wenyewe hakuna, wala hakunidanganya kwamba ipo. Alichoandika ni mambo ya kazini. Duka letu linauza vifaa vya ujenzi, na meza yangu ilikuwa karibu na mashine ya kukatia vyuma. Nilimwonyesha bosi ukurasa huo mmoja tu, meza ikahamishwa chumba cha nyuma, na maagizo sasa ananiandikia.

Ukienda, nenda na mtu aliyekujua ukiwa mdogo, na kama una ripoti za shule ya msingi usiziache nyumbani. Yangu ya darasa la tatu mwalimu aliandika "hujitenga, haitiki akiitwa", na Daktari aliitumia.

Mama siku hizi akinitaka hutuma ujumbe kwanza: "Mwanangu, naweza kupiga?" Kisha hungoja nimjibu.